Kustaafu na Urithi

Mara nyingi sisi walimu huulizana: mtu akistaafu, huacha nini? Wengi wetu hutaja nyumba na shamba. Imani ya Kikristo yajibu vingine: cheo ni amana, nasi tu mawakili, na wakili hurudisha alichokabidhiwa. Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki, aliacha urais wa Tanzania mwaka 1985, akarejea kijijini kwake Butiama. Hakukaa bure: mwaka 1996 zilichapishwa Injili alizozitunga upya kwa tenzi za Kiswahili. Kiti chake kimekwisha kukaliwa na wengine. Tenzi zimebaki kwa kila asomaye Kiswahili, hata aliye nje ya mipaka ya nchi ile. Basi, ndugu walimu, tujiulize mapema: siku tutakapoiweka chaki chini, tutakuwa tumewaachia nini wanafunzi wetu?