Siku za Konji Zisizochukuliwa ni Deni

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.



Leo tunasema na wenye magazini, wenye depo, wenye malori, wakubwa wa mashule, na sisi wote tulio na sentineli mlangoni au binti wa kazi jikoni. Mfanyakazi amekaa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, hakupewa konji kwa sababu «kazi ni nyingi». Siku ya kuachana anapewa mshahara wa mwezi na neno la asante. Zile siku zake zimekwenda wapi?

Katika nchi yetu, Sheria ya Kazi nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inampa mtu mzima angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima aliotumika, yaani siku 12 kwa mwaka. Kila akitimiza miaka 5 kwa mwajiri yule yule, inaongezeka siku moja. Akiwa bado kazini, haki yake ni kupumzika kweli, si kununuliwa siku zake. Lakini kontra ikikatika kabla hajapumzika, siku hizo zinageuka kuwa fedha.

Tufanye hesabu. Sentineli ametumika zaidi ya miaka 7, mshahara wake ni dola 130 kwa mwezi, na miaka miwili ya mwisho hakupata konji. Amekwisha pita miaka 5, kwa hiyo kila mwaka ana siku 13. Miaka miwili ni siku 26. Mwezi wa mwenye kufanya kazi siku sita kwa juma unahesabiwa siku 26. Basi 130 ukigawa kwa 26 ni dola 5 kwa siku, na siku 26 ni dola 130. Mshahara wa mwezi mzima!

Sasa tazama ujanja. Patroni anapohesabu siku za konji, anaondoa siku za Jumapili: anasema ni siku za kazi tu. Anapotafuta bei ya siku moja, anazirudisha Jumapili na kugawa mshahara kwa 30. Yule sentineli anapata dola 112 na senti, na dola 17 zimebaki mfukoni mwa tajiri. Wengine wanachukua mshahara wa zamani, wakati sheria inatazama mshahara wa siku anayoondoka. Hiyo ni mizani miwili katika duka moja. Surat al-Mutaffifin ilianza kwa kuwatishia hao: wakijipimia wao wanajaza, wakiwapimia watu wanapunguza. Tusidhani aya zile ni za wauza mchele peke yao.

Ndugu zangu, mnaijua habari ya watu watatu waliofungiwa pangoni na jiwe, aliyoipokea Ibn Umar, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Mmoja wao alikuwa mwajiri. Mfanyakazi wake aliondoka bila kuchukua ujira wake, kipimo cha mchele. Yule bwana angeweza kusema: ameuacha mwenyewe. Hakusema. Aliupanda, ukazaa, mpaka ukawa ng'ombe pamoja na mchungaji. Mfanyakazi aliporudi kudai kipimo chake, akaonyeshwa ng'ombe wale, akadhani anachezewa. Akawachukua wote. Kwa amali hiyo yule bwana alimwomba Allah, na jiwe likasogea. Sisi hatuombwi ng'ombe. Tunaombwa siku 26 tu, na tunatafuta njia ya kuzifanya 22.

Wengine wanasema: «Tuligombana, alinikosea adabu.» Ugomvi wa leo haufuti mwezi alioutumikia jana. Wengine: «Hatukuandikiana kontra.» Aya ya 282 ya Surat al-Baqara ilituamuru kuandika madeni, usipoandika wewe mwenye kalamu, sheria inamruhusu mfanyakazi kuthibitisha kwa njia zote. Tena kumbukeni kwamba Mtume (s.a.w.) alikataa kumsalia maiti mwenye deni la dinari chache, mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile. Warithi wako watajuaje siku za sentineli, kama hazimo katika daftari?

Nanyi wafanyakazi: andikeni tarehe ya kuanza na kila konji mliyopewa. Siku ya hesabu ya mwisho, uliza kwanza: siku ngapi, na kila siku kwa bei gani? Usitie sahihi kabla ya kusoma. Mkishindwa kuelewana, nendeni kwa Ispekta wa Kazi, kwa maana shauri linapita kwake kwa mapatano kabla ya kufika mahakamani. Msichelewe, muda wa kudai una mwisho. Na asidai mtu siku alizokwisha kuzilala kijijini kwake.

Wabillahi tawfiq.

(Usisome karatasi hii imamu akiwa juu ya mimbari. Ina jina la Allah, usiitupe njiani. Ukimaliza mpe jirani.)