Mfalme, Bunge na Hakimu Aliyechelewa

Sisi watu wa Pajulu, huko Arua, na Walugbara wote kwa jumla, hatukupata kuwa na mfalme katika zama za babu zetu. Kila ukoo ulikuwa na mzee wake, na mzee huyo alikuwa na madhabahu ya mizimu ya wazee wake, na juu yake hapakuwa na kiti cha enzi. Machifu tuliletewa na wageni: kwanza Wabelgiji, waliotawala nchi hii ilipokuwa sehemu ya eneo la Lado hadi mwaka 1910, kisha Waingereza, ambao mwaka 1914 waliitia katika Uganda. Ingedhaniwa basi kwamba swali hili, la kwa nini mfalme akigombana na bunge nchi huishia vitani, si letu, bali ni la wenye ngoma na makasri. Ilhali ugomvi wa namna hiyo ulipotokea Uganda, watu wa pande zetu walikuwa miongoni mwa walioshikishwa silaha, na miaka ilipopita deni la damu likaja kudaiwa milangoni petu.

Aghalabu husemwa kwamba chanzo cha vita hivyo ni kiburi cha mfalme au tamaa ya wanasiasa. Jibu hilo halinitoshelezi, kwa kuwa kiburi na tamaa havikosekani hata katika nchi zilizojaaliwa amani. Chanzo, kwa rai yangu, ni kizito zaidi, nacho ni kwamba kila upande una haki ya kweli: mfalme hudai utii kwa jina la Mwenyezi Mungu, na nasaba, na mababu waliokwisha kuzikwa, na bunge hudai utii kwa jina la raia walio hai waliopiga kura, na kwa kuwa nasaba haihesabiwi kwa kura, wala kura haithibitishwi kwa nasaba, hapana mizani moja iwezayo kupima haki hizo mbili.

Charles wa Kwanza, mfalme wa Uingereza aliyeamini kwamba atatoa hesabu mbele ya Mungu peke yake, alitawala miaka 11 pasi na kuita bunge, tangu 1629 hadi 1640, na alipoliita tena ni kwa sababu alikosa fedha za kupigana na Waskoti. Tarehe 4 Januari 1642 aliingia bungeni mwenyewe, pamoja na watu wenye silaha, ili awakamate wabunge watano, akakuta wamekwisha kuondoka. Hata hapo, naona, suluhu ilikuwa bado yawezekana; ilitoweka pale lilipozuka swali la nani aamrishe majeshi, kwani mwezi wa Machi bunge lilijitwalia amri ya wanamgambo bila ya ridhaa yake, na tarehe 22 Agosti yeye akatweka bendera ya vita huko Nottingham. Tangu siku ile kila mwenye silaha alilazimika kuchagua ni kiapo gani atakivunja.

Katika Uganda viapo viwili vilitiwa ndani ya kifua cha mtu mmoja. Kabaka Mutesa wa Pili alifanywa Rais wa nchi nzima mwezi wa Oktoba 1963, naye akabaki mfalme wa Buganda vilevile. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Novemba, watu wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura ya kutoka Buganda na kurudi Bunyoro, na Mutesa akatakiwa atie sahihi kama Rais katika jambo ambalo, kama Kabaka, alikuwa ameapa kutolitenda kamwe. Alikataa. Wako wanaomlaumu kwa ukaidi, nami siwezi kujiunga nao, kwa kuwa mtu aliyeapa kulinda urithi wa wazee wake hawezi kuuidhinisha utolewe akabaki na heshima. Aliyestahili lawama ni yule aliyedhani kwamba katiba yaweza kumpa mtu mmoja amana mbili zinazopingana na kumwachia yeye mwenyewe awe hakimu kati yazo.

Mambo mengine yalikwenda mbio. Tarehe 4 Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alilitaka bunge liamue Kanali Idi Amin asimamishwe kazi ili ichunguzwe habari ya dhahabu na pembe za ndovu za Kongo, na wabunge wote waliokuwapo wakaafiki isipokuwa John Kakonge peke yake. Waziri Mkuu Milton Obote akajibu kwa kuwakamata mawaziri wake watano tarehe 22, katikati ya kikao chao, kisha akaisimamisha katiba. Brigedia Shaban Opolot aliondolewa katika uongozi wa askari na nafasi hiyo akapewa Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko. Mwezi wa Aprili wabunge wakapitisha katiba ambayo nakala zake walikwenda kuzikuta baadaye katika visanduku vyao vya barua. Kwa hiyo hata bunge lenyewe, ambalo kwa jina lake mambo hayo yalitendwa, lilikuwa limekwisha kunyamazishwa. Tarehe 20 Mei, Lukiiko, yaani baraza la Buganda, ikaitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda kabla ya mwezi kwisha. Tarehe 24 jeshi likaishambulia Mengo, penye kasri la Kabaka.

Dini hutufundisha kuwatii wenye mamlaka, na mafundisho hayo husikika misikitini Arua kama yanavyosikika makanisani. Lakini ni nani atakayetiiwa pale wenye mamlaka wanapokuwa wawili, na kila mmoja anamwita mwenziwe mwasi? Waislamu wa kwanza walifikwa na jaribio hilo Siffin mwaka 657, majeshi ya Ali na Muawiya yalipokutana. Mahakimu wakateuliwa baada ya damu kumwagika, na hukumu yao haikupokewa na pande zote mbili. Hakimu aliyetafutwa baada ya upanga kuchomolewa hana nguvu tena. Huku kwetu koo zilipopigana kwa mishale, mwenye mvua, yaani mzee aliyeaminiwa kuita mvua, asiyekuwa na askari hata mmoja, aliweza kuwaamuru waache, nao walimwogopa kwa kuwa laana yake ingewapata wote sawasawa. Sisemi kwamba alizuia kila damu, ila alikuwapo kabla ya ugomvi, na ugomvi haukuwa wake.

Hakimu wa Uganda alikuja akiwa amechelewa. Katika kesi ya Matovu, chifu wa Buganda aliyewekwa kizuizini, Mahakama Kuu chini ya Jaji Mkuu Udo Udoma ilitegemea fikra za mwanasheria Hans Kelsen, ikaamua kwamba katiba ya 1966 ni halali kwa kuwa mapinduzi yalifaulu na watu wakayatii. Sijui hukumu iliyotuumiza zaidi ya hiyo. Maadamu kufaulu ndiko kunakohalalisha, Amin hakuhitaji hoja nyingine yoyote tarehe 25 Januari 1971. Na alipoangushwa mwaka 1979, wanajeshi walioingia West Nile, nchi yetu hii alikotoka baba yake Amin, mwaka uliofuata nao hawakuhitaji hoja, watu kwa maelfu wakakimbilia Kongo na Sudan, na tarehe 24 Juni 1981 waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, wakapigwa risasi, raia ambao hawakupata kumwona Kabaka wala kukanyaga bungeni.

Falme zilizokuwa zimefutwa zilirudishwa mwaka 1993, na katiba ya 1995 ikawazuia watawala wa jadi wasiingie katika siasa za vyama. Hata hivyo Kabaka aliyemrithi Mutesa alipozuiwa na serikali kwenda wilaya ya Kayunga mwezi wa Septemba 2009, watu waliuawa katika ghasia za Kampala. Ningependa kijana wa Pajulu au wa Koboko anayeandikishwa jeshini leo asomeshwe habari ya Mengo na habari ya Ombaci katika somo moja, na kesi ya Matovu isomwe kati ya hizo mbili, kabla hajainua mkono kula kiapo.