Je, Kila Wazo Lisadikiwe?



Katika lugha yetu tukitaka kusema kwamba mtu ana dhiki moyoni, twasema maneno mawili tu: "Ana mawazo." Neno lile lile ambalo darasani ni sifa, barazani huwa ni jina la maradhi. Wazee waliotuachia lugha hii hawakukosea. Walitambua kwamba mtu aweza kuugua kwa kuwaza, na kwamba sehemu ya maumivu yetu haitoki katika jambo lenyewe lililotupata, bali yatoka katika yale tunayojiambia juu ya jambo hilo.

Basi yafaa tujiulize: wazo likija moyoni, je, tumelazimika kulisadiki? Na ikiwa mtu atalipinga wazo lake mwenyewe na kuweka jingine mahali pake, je, hatakuwa anajidanganya nafsi yake? Hili si swali la waganga peake yao. Ni swali la dini na la uadilifu, kwa sababu linahusu ukweli, na mwenye kutafuta njia ya Mungu hana ruhusa ya kujiliwaza kwa uwongo.

Nataka nikueleze habari ya kijana mmoja aliyenijia hapa Mangapwani, kijiji kilicho kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja. Kijana huyu alikuwa amebadili njia yake ya dini, na nyumbani kwao jambo hilo halikupokewa kwa furaha. Baada ya muda mama yake alipatwa na kiharusi, akafariki dunia. Tangu siku ile kijana alikuwa halali usiku, chakula kilimkinai, na katika sala alisimama nyuma kabisa kama mtu asiye na haki ya kuwamo. Mwisho akaja kwangu baada ya Alasiri.

"Maalim," akasema, "mimi ndiye niliyemwua mama."

Nakiri kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa baya. Nilimwambia asiwaze hivyo, amshukuru Mungu, awe na subira. Maneno hayo yalikuwa mazuri, lakini nilimpa kama mtu anayefunika jungu linalofoka. Hakuyapinga, aliinamisha kichwa tu, nami nikajua kwamba ataondoka na mzigo wake kama alivyokuja nao. Ndipo nilipomwomba aketi tena.

"Mwanangu, mama yako alianza lini kuugua presha?"

"Tangu alipomzaa mdogo wangu wa mwisho."

"Na mdogo wako yuko darasa la ngapi?"

"Darasa la sita, maalim."

"Na wewe ulibadili njia yako lini?"

"Mwaka juzi."

Akanyamaza. Nikamwuliza kama mama yake alikuwa amemkata. Akasema, "Alikuwa hasemi nami sana. Lakini kila Ijumaa alimtuma mdogo wangu aniletee mkate wa kumimina." Alipotamka maneno hayo machozi yakamtoka, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alipomlilia mama yake badala ya kujililia nafsi yake. Kisha akasema jambo ambalo sikulitazamia: "Hata hivyo, maalim, miezi miwili ya mwisho sikwenda kumwona. Nilikuwa naona haya, tena nilikuwa na kiburi."

Hapo, ndugu msomaji, sikumwambia kwamba hilo nalo ni uwongo. Halikuwa uwongo.

Tazama basi jinsi mawazo mawili yalivyokuwa yamefungwa katika furushi moja. La kwanza lilisema: "Nimemwua mama." Hilo lilikuwa dhana isiyo na ushahidi, kwa kuwa maradhi yalitangulia jambo lililodaiwa kuwa chanzo chake kwa miaka mingi. La pili lilisema: "Sikumtembelea mama yangu." Hilo lilikuwa kweli. Lile la uwongo lilikuwa limelificha lile la kweli, na ndiyo sababu kijana hakuweza kufanya lolote. Mtu aliyeua mama yake atafanya nini? Hawezi kumfufua. Lakini mtu aliyemtupa mama yake kwa miezi miwili ana mengi ya kufanya: atatubu, atamwombea, atatimiza ahadi alizoziacha, atawaheshimu rafiki zake na jamaa zake, kama Mtukufu Mtume s.a.w. alivyofundisha juu ya wema unaobaki kwa wazazi waliokwisha kufariki.

Waganga wa siku hizi wanaijua njia hii ya kuhoji. Katika miaka ya 1960 daktari mmoja wa Marekani, Aaron Beck wa Philadelphia, alitambua kwamba wagonjwa wake wenye huzuni nzito walikuwa na mawazo mafupi yaliyojileta yenyewe, upesi kama kupepesa jicho, nao waliyasadiki bila kuyapima: "Sifai kitu", "Mambo hayatakuwa mema kamwe", "Kosa ni langu." Akawafundisha kuyakamata mawazo hayo, kuyaandika, kuuliza ushahidi wake, na kutafuta maelezo mengine yanayopatana zaidi na mambo yalivyo. Njia hiyo imeenea duniani. Katika nchi zetu ilijaribiwa Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Waliowahudumia watoto hao hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Katika sehemu kadhaa watoto waliopata mafunzo hayo walipata nafuu kubwa kuliko wenzao, ingawa si katika sehemu zote. Nayajua majonzi ya watoto wa namna hiyo, maana wengi wao hujiambia kimyakimya kwamba mzazi amekufa kwa sababu wao walikuwa watundu.

Lakini asidhani mtu kwamba jambo hili lilianza Marekani. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita alikuwako mwanachuoni Mwislamu, Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Yeye aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, na humo akashauri kwamba kama vile mtu mwenye busara anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua, ndivyo anavyopaswa kuweka akiba ya mawazo mema na ya kweli wakati wa utulivu, ili ayatumie hofu au huzuni itakapomvamia. Maana yake ni kwamba saa ya dhoruba siyo saa ya kuanza kushona tanga.

Na juu ya huyo yupo mwalimu mkubwa zaidi. Mtukufu Mtume s.a.w. alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakaanza kusema kwamba jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto wa Mtume. Fikiri, msomaji mpenzi: dhana hiyo ilikuwa ya kumtukuza. Mtu wa uwongo angeinyamazia tu ikaenea yenyewe. Yeye, huku msiba ukiwa mbichi moyoni, akawafundisha watu kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Lakini huyo huyo alikuwa amemlilia mtoto wake kwa machozi, na akaeleza kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika. Hakuyazuia machozi, kwa maana huzuni yake ilikuwa ya kweli. Alilolizuia ni maelezo ya uwongo juu ya huzuni hiyo. Sijui mfano ulio bora kuliko huu katika somo letu.

Basi sasa twaweza kuyajibu maswali tuliyoyaweka mwanzo.

Kwanza, je, mtu ana hatia kwa wazo linalompitia? La. Mtukufu Mtume s.a.w. ametupa habari njema kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma wake yale ambayo nafsi huyanong'ona, maadamu mtu hajayatenda wala hajayasema. Wazo ni mgeni anayebisha hodi. Kubisha kwake si kosa lako, bali wewe ndiye utakayeulizwa ni nani uliyempa kitanda.

Pili, je, tumelazimika kulisadiki? La, tena mara nyingine tumekatazwa. Katika Sura Al-Hujurat Qur'an Tukufu inatuonya tujiepushe na wingi wa dhana, kwa sababu baadhi ya dhana ni dhambi. Sisi tumezoea kuifahamu aya hiyo kwa habari ya jirani. Mimi naona kwamba nafsi yako nayo ina haki ya ujirani. Ikiwa huruhusiwi kumhukumu jirani kwa dhana, kwa nini uihukumu nafsi yako bila shahidi hata mmoja?

Tatu, je, kubadili wazo si kujidanganya? Ni kujidanganya, ikiwa utaondoa wazo chungu na kuweka wazo tamu. Si kujidanganya, ikiwa utaondoa wazo la uwongo na kuweka wazo la kweli, hata kama lile la kweli nalo ni chungu. Kijana wetu hakutoka kwangu akisema, "Mimi ni mwana mwema." Alitoka akisema, "Sikumwua mama, lakini nilimkosea." Hilo si wazo la kufurahisha, lakini ni wazo ambalo mtu aweza kusimama juu yake na kutembea.

Sitaki, hata hivyo, uyachukue maneno haya kupita mpaka wake. Hapa Mangapwani pana mahali pawili panapotembelewa na wageni. Pamoja ni pango la asili katika mwamba wa matumbawe, ambalo ndani yake mna maji matamu. Pengine, mwendo si mrefu kutoka hapo, ni chumba kilichochongwa katika mwamba chini ya ardhi. Yasemekana kilijengwa yapata mwaka 1880 kwa amri ya tajiri Mohammed bin Nassor, kwa ajili ya kuwaficha watumwa, kwa sababu tangu mkataba wa mwaka 1873 Sultani Barghash alikuwa amekubali kuipiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko lake mjini. Nimeshuka katika chumba hicho. Nikakumbuka kwamba wapo wanaofundisha kuwa taabu yote imo katika fikira, na kwamba ukibadili fikira taabu itakwisha. Aliyefungiwa mle hakuhitaji kubadili fikira. Alihitaji mlango ufunguliwe. Kwa hiyo mtu akija kwako na njaa, au amedhulumiwa, au anapigwa na mumewe, usimhoji juu ya mawazo yake kabla hujatafuta mlango wake uko wapi na nani ameufunga. Kumfundisha mdhulumiwa kwamba tatizo ni fikira zake ni kumdhulumu mara ya pili.

Vile vile yako maradhi ya huzuni ambayo hayasikii hoja, kwa kuwa mwili wenyewe umeugua. Mgonjwa wa namna hiyo asiambiwe kwamba imani yake ni dhaifu. Apelekwe hospitali kama anavyopelekwa mgonjwa wa malaria, wala jamaa zake wasione haya ikiwa njia itawafikisha Kidongo Chekundu. Mungu aliyeumba ugonjwa ndiye aliyeumba dawa.

Lakini wewe ambaye mlango wako uko wazi, na mwili wako una afya, na hata hivyo umekaa gizani kwa sababu ya neno unalojiambia kila usiku, nakusihi ufanye mambo matatu. Liandike neno hilo kama lilivyo, kwa maana wazo lililoandikwa hupungua urefu. Kisha uliulize: shahidi wako ni nani, na kama ndugu yangu ninayempenda angeniambia neno hili juu yake mwenyewe, ningemjibu nini? Mwisho, katika yale yatakayobaki baada ya uwongo kuondoka, tafuta jambo moja la kutenda kabla ya Ijumaa ijayo. Na ukishindwa kufanya hayo peke yako, mwendee mtu mwaminifu mkayafanye pamoja. Nabii Yaakub a.s. alilia mpaka macho yake yakapofuka, na katika kilio hicho aliwaambia wanawe wasikate tamaa na rehema ya Mungu, akawatuma waende wakamtafute Yusuf. Alilia, akakataa kukata tamaa, akatuma watu njiani. Yote matatu yalikuwa katika moyo mmoja.

Kijana yule ana khaloo, dada wa mama yake, ambaye hakuwa amesema naye tangu siku ya mazishi. Ijumaa iliyofuata alikwenda kwake. Hakupokewa kwa bashasha. Alikaa kizingitini nusu saa bila kukaribishwa ndani. Ijumaa ya pili akaenda tena, akakaribishwa ndani. Bado humkumbuka mama yake na hulia, nami sijamkataza. Lakini sasa katika sala husimama safuni pamoja na wenzake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli kwa watu na kwa nafsi zetu, atuepushe na dhana mbaya juu ya viumbe vyake, nasi tukiwa miongoni mwao. Amin.