Sababu Si Hatia

Mtu apatwapo na msiba hutaka kujua sababu yake, na pengine hutaka zaidi kumjua mkosaji. Mambo mawili haya ni mbali mbali, lakini hudhaniwa kuwa ni jambo moja. Katika nyumba isiyo na mtoto dhana hiyo hudhuru sana. Miaka miwili ya ndoa ikipita bila ya mimba, mawifi hunong'ona, mavyaa hununa, na mke huitwa tasa kabla ya daktari yeyote kuulizwa. Pengine mume huozwa mke wa pili, na yule wa kwanza hubaki na jina ambalo hakuna aliyelithibitisha.

Hukumu hiyo hutetewa kwa mfano wa kilimo: mwanamke ni shamba, mwanamume ni mpanzi. Mfano huu ukitazamwa vema humshitaki mwenye kuutumia, kwa kuwa mkulima mwenye akili hailaani ardhi kabla ya kukagua mbegu. Wazee wa kale walikuwa na udhuru. Mbegu ya mwanamume haikuonekana mpaka mwaka 1677, Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi alipoitazama kwa hadubini; na yai la mnyama anyonyeshaye halikuelezwa mpaka mwaka 1827, na Karl Ernst von Baer. Wao walihukumu gizani. Mtu wa leo ana taa mkononi.

Taa hiyo huonyesha nini? Kwa mwanamke, yai huweza kukosa kupevuka, mirija ya uzazi huweza kuziba, uvimbe huweza kuota katika mji wa mimba, na umri hupunguza mayai. Kwa mwanamume, mbegu huweza kuwa chache, dhaifu, au zisiwepo kabisa. Njia yake huweza kuziba. Mishipa ya damu huweza kuvimba juu ya korodani. Joto, tumbaku na maradhi huweza kuzidhoofisha. Tena nguvu za kiume si ushahidi wa mbegu: mtu huweza kuwa na nguvu zote, na manii yake yakawa matupu. Mara nyingine sababu hupatikana kwa wote wawili. Mara nyingine haipatikani hata baada ya kupimwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu mzima mmoja katika kila sita hupatwa na shida ya kupata mtoto katika maisha yake.

Hata sababu ikionekana kwa mke, hatia haijaonekana. Mirija iliyoziba huweza kuwa kovu la kisonono au klamidia, maradhi ambayo pengine aliletewa na mumewe, na yeye asihisi dalili yoyote. Na mume naye huenda hakujua kuwa anaumwa. Atafutaye mkosaji hapa hana mwisho wa safari.

Lililo baya zaidi ni kwamba lawama huificha sababu yenyewe. Mume aogopaye aibu hakubali kupimwa. Mke hupelekwa peke yake kwa waganga. Miaka hupita, na dawa ambayo ingalifaa mapema hukawia. Kwa hiyo katika jambo hili haki na tiba ni ndugu. Wawili waliooana pamoja waende wakapimwe pamoja, na jibu lolote litakalotoka liwe lao wote wawili.