Je, Kudumu ni Sifa?

Watu husifu kudumu kama wasifuvyo ukweli, bila kuuliza ni kitu gani kidumucho, wala kwa muda gani. Sifa hiyo nataka kuipima kwa kitu kidogo: utando wa plastiki uliomo ndani ya seli ya haidrojeni.

Utando huo, ambao siku hizi huwa mwembamba kuliko unywele, hukaa baina ya haidrojeni na oksijeni. Hupitisha protoni na kuzuia gesi zisikutane. Elektroni, kwa kukosa njia hapo, huzunguka nje zikawa umeme. Lakini kizuizi kamili hakuna. Gesi kidogo huvuka, haidrojeni peroksaidi huzaliwa, na chuma kikiwapo, japo chembe, huivunja ikawa vipande vikali vikatavyo minyororo ya plastiki. Tena utando huvimba ukilowa, hunywea ukikauka, na mwisho hupasuka.

Gemini 5, chombo cha Marekani kilichoruka mwaka 1965, kilitumia utando wa polistirini. Maisha yake yalikuwa mafupi, lakini safari ilikuwa ya siku 8 tu. Baadaye kampuni ya DuPont ilileta Nafion, plastiki ambayo kaboni yake imevikwa florini. Muungano wa viwili hivyo ni mgumu mno kuvunjika. Hata huo huliwa polepole, na floridi katika maji yatokayo ndiyo hutoa habari; hivyo wahandisi huongeza seriamu ili ipokee mapigo kwa niaba ya utando. Sasa malori yanatakiwa yafikishe saa 25,000.

Ugumu uleule unaouokoa utando kazini huufanya usioze ukisha kustaafu. Mwaka 2023 Denmark, Ujerumani, Uholanzi, Norway na Sweden zilipendekeza jamii nzima ya kemikali hizi izuiwe Ulaya, seli za haidrojeni zikipewa muhula. Wako wanaotafuta utando usio na florini. Sioni aibu ukifa mapema kidogo, maadamu hautuachii deni.

Kwangu, swali zito liko penye moto. Seli iliyochakaa ina platinamu, na njia ya zamani ya kuitoa ni kuuchoma utando, nao hutoa haidrojeni floridi, hewa ya sumu. Ipo njia nyingine, ya kuuyeyusha kwa maji na alkoholi ya moto ili uokotwe pia. Mwenye kiwanda aulizwe atafuata ipi siku anapouza, si siku moshi unapopanda.