Mchezo na Hiari

Ni nadra siku hizi kulipita soko la magharibi ya Kenya bila ya kukuta chumba chenye runinga kubwa, mashine ya PlayStation iliyokwisha kupita katika milki za watu kadhaa, mabenchi ya mbao, na vijana waliokaza macho katika kandanda isiyohitaji miguu. Na huko Ekero, katika kaunti ya Kakamega, jirani na mji wa Mumias ambako misafara ya pwani ilifikia zamani na kuacha dini na lugha yake kwa Wawanga, chumba cha namna hiyo huzusha mjadala ule ule unaozushwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Mzazi husema kwamba mashine imemteka mwanawe, imemnyang'anya masomo, na sasa inamsukuma kwenye uhuni. Kijana hujibu kwamba anapumzika tu, kwamba hamdhuru mtu, na kwamba lau asingekuwa hapo pengine angekuwa mahali pabaya zaidi. Kila mmoja ana fungu lake la haki. Lakini wote wawili hubishana juu ya mashine, ilhali linalogombewa hasa ni hiari ya mwanadamu: ni lini mtu anacheza, na ni lini anachezwa?

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba mchezo haukuzaliwa na umeme. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya malezi ya watoto katika kitabu chake cha Ihya, aliagiza kwamba mtoto atokapo chuoni aruhusiwe mchezo mwema wa kumpumzisha, kwa hoja kwamba kumnyima mchezo na kumlemeza kwa masomo daima kunaufisha moyo wake na kufifiza akili yake. Johan Huizinga, mwanachuoni wa Uholanzi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1938, alikwenda mbali zaidi akadai kwamba sheria, ushairi, ibada na hata vita vilichipuka ndani ya mchezo. Watu wa pwani hawakungoja vitabu hivyo: bao lao lenye mashimo 32 na kete 64 limewakalisha wazee barazani kutoka alasiri hadi magharibi, vizazi kwa vizazi, kutoka namua hadi mtaji, na hapana aliyewaita wagonjwa. Na katika Kakamega yenyewe, kwa Waisukha na Waidakho, umati hudamka kuwafuata mafahali wanaokwenda kupigana, ukisindikizwa na isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Basi lau muda mrefu na hamasa kubwa vingekuwa ushahidi tosha wa uraibu, ingetupasa kuwashitaki wazee wa bao na wapenzi wa mafahali kabla ya kumfikia kijana wa Ekero.

Mchezo, kwa jinsi nionavyo, hukamilika kwa mambo matatu: mtu huuingia kwa hiari yake, huzitii kanuni zake kwa muda, na hutoka. Mambo hayo huonekana waziwazi katika chumba cha PlayStation kwa mwenye subira ya kutazama. Wawili huketi mbele, kila mmoja na padi yake ya kuuendeshea mchezo. Mpira wa kijiti cha kushoto, ambacho ndicho kinachomkimbiza mchezaji uwanjani, umekwisha kulika kwa vidole vya mamia ya watu mpaka plastiki iliyo chini yake imejitokeza, na mzoefu hujua kukibana kijiti hicho kidogo pembeni ili mshambuliaji wake asiende kombo. Mechi ni nusu mbili za dakika chache. Kipenga cha mwisho kinapolia aliyeshindwa huinuka, humpa padi anayefuata katika zamu, naye hurudi kwenye benchi kuwa mtazamaji na mshauri asiyeombwa ushauri. Hakuna polisi wala mwalimu anayeisimamia zamu hiyo, nayo inatimizwa. Kijana anayeitoa padi mkononi mwake huku moyo unamuuma kwa bao la dakika ya mwisho amekwisha kufanya zoezi la kujitawala ambalo watu wazima wengi hatulimudu katika mambo yetu.

Uraibu ni kupotea kwa lile jambo la tatu. Shirika la Afya Duniani, lilipoupitisha mwaka 2019 mpangilio mpya wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022, liliuingiza humo ugonjwa wa michezo ya video, na wanaouogopa mchezo wakalichukulia tendo hilo kuwa fatwa ya kuuharamisha. Lakini shirika hilo halikutaja idadi ya saa. Lilitaja dalili tatu: mtu kushindwa kuuongoza uchezaji wake, kuutanguliza mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na kuendelea nao hata baada ya kuyaona madhara, tena hali hiyo iwe imeharibu maisha yake, na kwa kawaida iwe imedumu kwa muda wa miezi 12. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, waliochapisha mwaka 2022 uchunguzi wao juu ya wachezaji wazima karibu 39,000, waliona kwamba wingi wa saa peke yake haukuathiri raha ya nafsi ila kwa kiasi kidogo mno. China iliamua mwaka 2021 kwamba mwenye umri chini ya miaka 18 acheze michezo ya mtandaoni saa moja tu, jioni za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Korea Kusini, iliyokuwa imewafungia watoto michezo hiyo usiku wa manane tangu mwaka 2011, iliifuta sheria yake mwaka 2021 ulipomalizika. Serikali hupenda kuhesabu saa kwa kuwa saa huhesabika. Hiari haihesabiki, nayo ndiyo inayougua.

Tukishika kipimo hicho cha hiari, tutaona kwamba hatari haikai pale tunaponyoshea kidole. Mechi ya kandanda katika chumba cha Ekero ina kipenga. Michezo mingi ya simu imetungwa makusudi isiwe nacho, kwa kuwa mtungaji wake hupata faida kila mchezaji anaposhindwa kuondoka. Hutoa zawadi leo ili urejee kesho, hukuonya kwamba usiporejea utapoteza ulichokusanya, na hukuuzia makasha yaliyofumbwa usiyojua ndani yake mna nini. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba makasha ya namna hiyo ni kamari, na mwaka uliofuata watungaji wa mchezo wa FIFA wakalazimika kuacha kuwauzia Wabelgiji sarafu za kuyanunulia. Kenya nayo imeyaonja mambo haya kwa ukali zaidi, pale mashine za kamari zilipoenea hata madukani vijijini, zikimeza sarafu za watoto, mpaka serikali ikazikamata na kuziteketeza hadharani. Na hata katika chumba cha PlayStation desturi ya kwamba aliyeshindwa ndiye alipaye mechi iko hatua moja tu kabla ya dau. Hatua hiyo ikivukwa, kijana hachezi tena kwa kuupenda mchezo, anacheza ili aikomboe fedha iliyokwenda, na mtu wa aina hiyo hata akitoka mlangoni hajatoka. Mzazi anayelilia saa, na asiulize kama kuna fedha iliyowekwa juu ya meza, amemkamata mwizi kivuli chake.

Mashine zenyewe zina mengi ya kutufunza katika jambo hili la hiari. Picha iliyoenea ulimwenguni ya mchezaji wa video ni ya mvulana mpweke, aliyejifungia chumbani, mwenye kuwakimbia watu. Na picha hiyo ilichorwa katika nchi ambako kila nyumba yaweza kununua mashine yake. Huku kwetu mashine moja hugharimu zaidi ya kipato cha kijana wa kawaida kwa miezi mingi, na kwa hiyo hununuliwa na mmoja ikatumiwa na mtaa mzima, hukaa sokoni badala ya chumbani, na mchezo uliotungwa kwa ajili ya watu wawili huishia kuwa baraza la watu ishirini. Hivyo uhaba umetuhifadhia ujamaa ambao utajiri uliuvunja kwingine. Lakini uhaba huo una upande wake mchungu, kwani nchi zilizo karibu nasi hutoa madini ya kuziundia mashine hizi: koltani huchimbwa Rubaya, katika Masisi ya Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, kwa mikono ya watu walioishi miaka mingi katikati ya vita, na mwaka 2000, ambao ndio mwaka PlayStation 2 ilipotoka, bei ya madini hayo katika soko la dunia ilipanda ghafla. Anayetaka kupima hiari katika ulimwengu wa michezo asiishie kwa mchezaji. Amtafute pia yule ambaye hakuulizwa kama anataka kuingia.

Katika picha ile ya kuazima ya mvulana mpweke ndimo zilimotoka lakabu tunazowabandika vijana: mtoro, mhuni, mvivu, asiye na dira. Wasichana hutolewa hata katika lakabu, kwa dhana kwamba mambo haya hayawahusu, ijapokuwa Sylvia Gathoni, Mkenya anayejulikana kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa kwa umahiri wake katika mchezo wa Tekken mwaka 2018, na kuwa Mkenya wa kwanza wa kike kufika huko. Ubaya wa lakabu unazidi ubaya wa uwongo. Lakabu humwambia kijana kwamba amekwisha kutekwa, kwamba alivyo leo ndivyo atakavyokuwa. Na anayeambiwa kila siku kwamba hawezi kutoka huacha kujaribu. Kwa hiyo jina baya na uraibu hufanya kazi moja, nayo ni kumwondolea mtu hiari, tofauti ikiwa kwamba uraibu hauna dhamiri ya kuulaumu, ambapo sisi tunayo.

Lililobaki ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Kutoka kwahitaji mahali pa kwendea, na huku kwetu mahali hapo palitegemea miwa. Kampuni ya Sukari ya Mumias, iliyoanzishwa mwaka 1971 na kuwa kwa miaka mingi kubwa kuliko zote za sukari katika Kenya, iliulisha ukanda huu wote, Ekero ikiwemo; ilipodhoofika kwa madeni na usimamizi mbaya, hata ikawekwa mwaka 2019 chini ya meneja mrasimu, miwa ilikauka mashambani, malipo ya wakulima yalicheleweshwa au hayakuja kabisa, na karo za shule zilizotegemea miwa hiyo zikakosa njia. Kijana aliyekulia katika miaka hiyo, akimtazama baba yake akiamka asubuhi pasipo kazi ya kumngoja, akaingia katika chumba ambamo kanuni ni wazi, juhudi hulipwa papo hapo na aliyeshindwa leo hupewa nafasi tena kesho, amekwenda kutafuta insafu mahali pekee alipoiona. Madaktari wawatibu walio wagonjwa kweli, maana wagonjwa hao wapo, na kuwacheka au kuwapiga ni dhuluma. Lakini wengi katika hao tunaowaita waraibu ni watu walioketi karibu na mlango uliofunguka kwenye uwanja mtupu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mchezo usishitakiwe kwa saa zake, wala mashine kwa waya zake, wala kijana kwa jina tulilompa. Ushitakiwe utungaji unaouficha mlango, ishitakiwe kamari inayojivika vazi la mchezo, na iulizwe jamii iliyoacha nje ya mlango kusiwe na la kumwita mtu. Mzazi wa Ekero, kabla hujaizima ile runinga kwa hasira, ingia, keti benchini, umuulize mwanao ni nani anayemfunga na kwa nini, uone kama fedha imewekwa, kisha umwambie ni kazi gani, somo gani au shamba gani linalomhitaji asubuhi ya kesho. Na ikiwa huna la kumtajia, basi shauri hilo lipeleke kwa chifu, kwa diwani na kwa wazee wenzako, kwa sababu ndiko linakostahili kusikilizwa.