KIKOMBE CHA KWANZA

Mvua za Desemba zinapoanza kuinywesha ardhi ya Iringa, mianzi nayo huchipua, na wagemaji hushika visu vyao. Kila mwenyeji wa Kilolo au Mufindi aijua kazi hiyo. Chipukizi hukatwa ncha lingali bichi, mbeta hufungwa ili kukinga utomvu, na asubuhi na jioni ncha hukatwa tena kidogo ili utomvu usikauke. Ule ulioshuka usiku ni mtamu kama maji ya sukari, nao huitwa mtogwa. Hata watoto wadogo hupewa. Lakini mtogwa hautulii. Ulioteremshwa alfajiri si ule tena jua likiwa utosini, na baada ya siku moja au mbili umekuwa ulanzi kamili, wenye nguvu za kumlaza mtu mzima kando ya njia. Hakuna mtu aliyeutia kitu. Umejigeuza wenyewe ndani ya chombo.

Wazazi wengi wanapowazungumzia vijana wao walioanza kunywa, hutafuta adui aliyetoka mbali. Hulaumu makundi mabaya, hulaumu mji, simu na picha za kigeni. Hayo yote yapo, nasi hatuyakani. Anayeijua barabara kuu iendayo Tunduma, tangu Mafinga na Makambako hadi Uyole, Mwanjelwa na Mbalizi, ajua ni mangapi yanayomngoja kijana kando yake. Lakini tukiwauliza vijana wenyewe ni nani aliyewapa kikombe cha kwanza, mara nyingi hawatataja mgeni. Watamtaja mjomba siku ya arusi. Watataja matanga ya babu. Wengine watasema kwamba hawakupewa na mtu yeyote: walitumwa na baba kilabuni wakiwa na dumu mkononi, na njiani wakaonja.

Enyi wazazi, desturi hiyo ya kumtuma mtoto pombe yatupasa tuiseme waziwazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, nayo yakataza kumuuzia pombe. Hata hivyo, katika vijiji vyetu, iwe ni komoni, iwe ni ulanzi wa Iringa au kimpumu cha ulezi huko Rungwe, mtoto mwenye sare ya shule husimama mlangoni mwa kilabu akisubiri kujaziwa, wala hakuna anayeshtuka. Husikia maneno yanenwayo humo. Hujifunza majina ya wanywaji na bei ya kila kipimo. Akifika nyumbani, baba humwambia kwa ukali kwamba pombe ni mbaya kwa watoto, kisha hukinywa alicholetewa. Mtoto huyo amefundishwa nini? Amefundishwa kwamba pombe ni ukubwa, na kwamba kuikataa ni utoto. Basi atakapotaka kuonyesha kwamba amekua, njia ameshaonyeshwa.

Jambo hili si jipya katika Kanisa, wala katika Afrika. Mtakatifu Agostino, katika kitabu chake cha Maungamo, asimulia habari za mama yake, Mtakatifu Monika, alipokuwa msichana nyumbani kwa wazazi wake katika Afrika ya Kaskazini, upande wa nchi iitwayo leo Algeria. Wazazi wale walikuwa Wakristu wema, nao walikuwa na kijakazi mzee aliyewalea mabinti kwa ukali, akiwazuia hata maji nje ya wakati wa chakula, kwa kuwa alijua mazoea ya kunywa hayaondoki mtu akiwa mkubwa. Pamoja na ulinzi huo wote, Monika ndiye aliyetumwa kuchota divai katika pipa! Agostino asema kwamba mama yake hakuwa na tamaa ya divai; ulikuwa ni uchangamfu wa ujana tu. Kwanza aligusisha midomo. Kesho yake akaongeza kidogo, na keshokutwa kidogo, mpaka akawa anakunywa vikombe karibu kujaa. Ni nani aliyemwokoa? Si baba, si mama, wala si yule kijakazi mkali. Ni mtumishi msichana aliyezoea kwenda naye pipani. Siku moja waligombana wakiwa peke yao, na yule mtumishi akamrushia neno la kumwita mlevi. Neno lile lilimchoma Monika, akajitazama, akaacha tangu siku hiyo.

Tumeikumbuka habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza tumekwisha kuigusa: hata nyumba ya watakatifu yaweza kumtuma mtoto pipani. Ya pili ni kwamba mwenzi wa rika ana nguvu kuliko sisi wazee tupendavyo kukiri, na nguvu hiyo huweza kuvuta juu kama iwezavyo kuvuta chini.

Agostino mwenyewe aliionja ile ya kuvuta chini. Akiwa na umri wa miaka 16 aliiba peasi usiku pamoja na wenzake, ilhali nyumbani alikuwa na matunda mazuri zaidi. Na alipoyatafakari hayo akiwa mtu mzima, alikiri kwamba kama angekuwa peke yake asingeiba. Kilichompendeza ni kuwa pamoja nao, na aibu yake ilikuwa kuonekana hana ujasiri. Wataalamu wa siku hizi wamefika mahali pale pale kwa njia nyingine. Mwaka 2005 huko Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu 306 mchezo wa kuendesha gari katika kompyuta, wengine wakiwa peke yao, wengine wakitazamwa na wenzao. Watu wazima hawakubadilika sana walipotazamwa. Wale wenye umri wa miaka 13 hadi 16 walijitia hatarini zaidi mara tu rafiki zao walipokuwa karibu. Basi kijana wako, ambaye nyumbani ni mtulivu na altareni hutumikia kwa adabu, si mnafiki akitenda vingine mbele ya wenzake. Yeye ni yule yule. Ila mizani yake bado ni nyepesi, na uzito wa macho ya wengine huiinamisha.

Wapo watakaotujibu kwa Kana ya Galilaya. Hao hawakosekani, hasa baada ya kikombe cha tatu. Ni kweli, Bwana wetu aliyageuza maji kuwa divai, na Mtume Paulo alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Kanisa halikufundisha kamwe kwamba divai ni uovu, nasi twaitolea altareni kila siku. Katekisimu, katika namba 2290, yatutaka kuwa na kiasi na kuepa kila aina ya kupita kiasi. Lakini kiasi ni fadhila ya mtu awezaye kupima. Kijana wa miaka 15, katikati ya wenzake wanaopiga makofi, atapima kwa nini? Tena ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20, na waganga wamekwisha kuona kwamba waanzao kunywa kabla ya miaka 15 wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuwa watumwa wa pombe baadaye. Timoteo alikuwa na maumivu ya tumbo. Kijana wetu hana ugonjwa wowote ila woga wa kuchekwa.

Woga huo tusiudharau. Yupo mzazi adhaniye kwamba kumwambia mwanawe "kataa tu" kwatosha, kana kwamba kukataa ni neno jepesi. Lakini ni mzazi huyo huyo ambaye nyumbani hakubali kamwe kusikia hapana. Mtoto akiuliza sababu, aambiwa kimya. Akieleza shauri lake, aambiwa ana kiburi. Kwa miaka 14 amezoezwa kuinama mbele ya sauti iliyo kubwa kuliko yake. Kisha twastaajabu kwamba, sauti kubwa ya rika ilipomwambia "kunywa", aliinama pia! Atakayeweza kusema hapana kwa heshima mbele ya wenzake ni yule aliyewahi kuisema kwa heshima mbele ya baba yake, akasikilizwa.

Tumtazame Danieli, kijana aliyechukuliwa mateka hadi Babeli na kuandaliwa divai ya mfalme. Maandiko Matakatifu yasimulia kwamba aliazimu moyoni mwake kabla meza haijafika. Wala hakuwa peke yake. Walikuwa wanne, naye Hanania, na Mishaeli, na Azaria. Tena hakumtukana msimamizi wala hakumhubiria. Alimwomba kwa adabu awajaribu siku 10 kwa mboga na maji, kisha awatazame nyuso zao. Kijana wa Ipogoro au wa Tukuyu anaweza kufanya vivyo hivyo. Aamue mchana, kabla ya usiku wa sherehe. Aende na wenzake wawili waliokubaliana naye. Ashike soda yake mkononi tangu mwanzo, kwa maana mkono mtupu hujazwa na wengine. Akiulizwa, ajibu kwa ufupi na kwa kicheko: "Mimi sinywi, kaka, lakini kucheza nacheza." Asianze kuwahukumu wanaokunywa, maana ubishi huo hautakwisha mpaka ashindwe. Na saa ya kuondoka iwe imepangwa na mtu wa nyumbani atakayempokea.

Sasa tuseme neno juu ya sherehe zetu wenyewe. Askofu amewawekea mikono watoto wetu na kuwapaka Krisma. Wamepokea mapaji saba ya Roho Mtakatifu, nayo nguvu imo. Saa nne baadaye, chini ya turubai nyumbani, kreti za bia zimepangwa juu kuliko keki, na msimamizi wa Kipaimara, ambaye asubuhi aliweka mkono begani mwa kijana mbele ya altare, amfungulia chupa akisema, "Leo umekuwa mwanamume." Wageni wapiga vigelegele. Je, tumlaumu rafiki wa mtaani aliyempa kijana huyu chupa ya pili? Twaomba wazazi wa Jimbo Kuu la Mbeya, wa Iringa, wa jimbo changa la Mafinga, na wa nchi nzima, wazitazame upya karamu hizo. Wazee wakitaka kunywa kwa kiasi katika arusi zao, hatuna sheria ya kuwazuia. Karamu ya Kipaimara ni ya watoto.

Twajua pia kwamba neno letu lagusa vyungu vya watu. Wapo akina mama wengi wanaopika komoni au kuuza ulanzi, na kwa fedha hiyo hulipa sare, madaftari na michango ya shule. Hatuwarushii mawe. Twawaomba jambo moja wanaloliweza leo: wasimjazie mtoto chombo, hata akitaja jina la baba yake. Mwenye pombe yake na aje mwenyewe. Na jumuiya ndogondogo, pamoja na WAWATA, zikiweza kuwatafutia akina mama hao mtaji wa kazi nyingine, zitakuwa zimehubiri kuliko sisi. Serikali nayo ilifanya sehemu yake ilipopiga marufuku viroba tangu tarehe 1 Machi 2017, vile vifuko vya pombe kali vilivyojificha hata katika mfuko wa sare. Lakini yapo makali yauzwayo katika chupa ndogo zinazoingia mfukoni vile vile, na mwenye duka ni jirani yetu, tena huenda twakaa naye benchi moja Dominika.

Kuna miezi ambayo hatari huzidi. Mitihani ya Kidato cha Nne humalizika mwishoni mwa mwaka. Kijana arudi nyumbani, hana masomo wala kazi, na ana miezi mingi ya kungoja. Mvua zaanza, ulanzi wateremka, Noeli yafika, na kila siku kuna mwenzake apitaye kumwita. Hapo ndipo twapendekeza ahadi, nayo iwe fupi. Mtumishi wa Mungu Matt Talbot, wa Dublin katika Ireland, alianza kunywa akiwa na miaka 12, alipoajiriwa kwa wafanyabiashara wa vinywaji. Kwa miaka kama 16 alikuwa mlevi. Jumamosi moja ya mwaka 1884, akiwa hana hata senti, alisimama nje ya kilabu akitumaini kwamba wale aliowanywesha mara nyingi watamwalika, wakapita. Alirudi nyumbani kwa mama yake, kisha akaenda kwa padre kuweka ahadi ya kutokunywa. Hakuahidi maisha yote. Aliahidi miezi mitatu. Ilipokwisha aliongeza sita, na baadaye ndipo ikawa ya maisha. Alikufa mwaka 1925 bila kuigusa tena, na mwaka 1975 Kanisa lilimtangaza kuwa Mheshimiwa.

Basi viongozi wa VIWAWA na wa vijana wanafunzi katika kila parokia wawakusanye waliomaliza shule, watatu watatu wajuanao, wafanye ahadi mbele ya paroko tangu Noeli hadi Pasaka. Wapewe na kazi: kwaya, shamba la parokia, kuwafundisha wadogo hesabu. Kila Dominika baada ya Misa wale watatu waulizane hali. Na mmoja akianguka, wenzake wamfuate nyumbani kwake siku ile ile, kabla hajaanza kuwakwepa. Naye baba, usiku atakaporudi ananuka pombe, amfungulie mlango, ampe maji, amlaze. Maneno yaweza kungoja mpaka asubuhi, na kitubio kipo Jumamosi.